Watu wa Huko

Asubuhi ambayo Mzee Zima aliambiwa kuwa si raia wa nchi yake, alikuwa amevaa koti la sherehe la kikosi cha zimamoto, lile lenye vifungo vya shaba, na viatu alivyovipaka rangi tangu jana yake. Hakuna aliyemwagiza avae hivyo. Binti yake alipomtania kwamba anakwenda kuchukua kitambulisho, haendi kuposa, mzee alijibu kuwa serikali ikikuita unakwenda umetakata.

Jina la Mzee Zima alipewa na mji. Alikuwa mzimamoto tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na nyumba nyingi za mji ule zilikuwa bado zimesimama kwa sababu yeye na wenzake waliwahi kufika na mpira wa maji. Ngozi ya mkono wake wa kushoto ilikunjamana kama karatasi iliyolowa ikakaukia juani. Ndivyo soko lilivyomwacha siku lilipowaka. Alizaliwa mtaa wa nyuma ya tangi la maji, akaoa mtaa huohuo, na mkewe alipofariki akamzika huohuo. Walijaliwa watoto wawili. Mkubwa alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, na watu walimwita Mwalimu tu, kana kwamba mji mzima haukuwa na mwalimu mwingine. Mdogo wake, wa kiume, alikuwa dereva wa lori la mizigo.

Vitambulisho vipya vilikuwa ndiyo kwanza vimeanza kutolewa. Bila hicho, serikali ilitangaza, hutatibiwa hospitali ya umma, hutapiga kura, hutaandikishwa popote. Ili ukipate ulipita kwanza mbele ya jopo la uhakiki, nalo liliketi kwenye ukumbi wa halmashauri. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni akamsindikiza baba yake. Walikuta mabenchi yamejaa, feni ikizunguka kwa kulalamika, na watoto wachanga wakipokezanwa kutoka paja hadi paja. Mbele kulikuwa na meza ndefu. Aliyeketi katikati ya meza ni Mwenyekiti wa jopo, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa sauti ya upole ambaye hakuwahi kuonekana bila tai. Kando yake alikaa karani, binti mwenye rula ya chuma mkononi. Na nyuma yao, ukutani, palitundikwa ramani.

Mwalimu aliijua. Kila aliyepita shule nchini aliijua. Ilichorwa na mpima ardhi wa kikoloni kabla hata babu yake Mwalimu hajaoa, na mpaka leo ndiyo iliyokuwa kwenye vitabu vya shule: nchi imekatwa vipande vya rangi, kila kipande na jina la kabila lake, mipaka imefungana vizuri kama vigae vya sakafuni. Kijani ni hawa, njano ni wale, zambarau ni wengine. Hapakuwa na kipande chenye rangi mbili. Hapakuwa na mji hata mmoja. Sasa walikuwa wameichapa upya, kubwa kama shuka, na juu yake wameandika kwa herufi nene: HAWA NDIO SISI.

Mzee Zima alipoitwa alisimama wima mbele ya meza, kisigino kwa kisigino. Aliulizwa jina, akataja. Aliulizwa alikozaliwa, akataja. Aliulizwa kabila, akataja jina ambalo watu wake hujiita wenyewe kwa lugha yao. Karani akageukia ramani, akapitisha rula kutoka juu hadi chini, kutoka kushoto hadi kulia, asilione. Akaomba alirudie. Mzee akalirudia polepole, kama anayemsaidia mgeni. Rula ikazunguka tena. Ndipo mtu mmoja kwenye benchi la mbele, kwa nia njema kabisa, akasema kwamba hao ndio wanaoitwa Wahuko.

Karani alichangamka. Rula ilipanda juu, ikavuka mto, ikavuka mstari mnene mweusi wa mpaka wa nchi, ikatua kwenye kipande cha rangi ya majivu pembeni kabisa ya karatasi.

"Mzee, watu wako wako nje ya mstari," Mwenyekiti alisema.

"Watu wangu wako nyuma ya tangi la maji," Mzee Zima alisema.

Kuna waliocheka. Mwenyekiti hakukasirika. Alieleza kwa sauti ileile ya upole kwamba hakuna anayemfukuza, kwamba utumishi wake unajulikana na unathaminiwa, na kwamba atapewa kadi ya mgeni mkazi, ambayo ni kadi nzuri tu, itabidi aihuishe kila mwaka basi. Mwalimu alisimama akaanza kusema. Akaambiwa akae, zamu yake itafika.

Zamu yake ilipofika, Mwenyekiti alimtabasamia. Alimkumbuka tangu enzi za ukaguzi. Akamuuliza kabila la mama. Marehemu mama yake alitoka kwa watu wa kipande cha kijani, katikati kabisa ya ramani, mahali ambapo hata mwenye ubishi asingebisha. "Basi wewe tumekupitisha kwa mama," Mwenyekiti alisema, akagonga muhuri. Mwalimu alitazama stakabadhi aliyopewa, akamtazama baba yake aliyekuwa bado amesimama pembeni na koti lake.

Siku ileile mdogo wake alipiga simu kutoka mji mwingine alikokuwa anapakia mizigo. Yeye alipita kwenye jopo la huko, nao walifuata kwa baba. Ameandikwa mgeni. Baba mmoja, mama mmoja, tumbo moja, na sasa dada ni raia na kaka ni wa kuhuishwa kila mwaka.

Nyumbani, Mzee Zima alivua koti, akalitundika, akaomba maji. Alitafuta bisibisi akaanza kukaza bawaba za mlango wa jikoni, ambazo hazikuwa zimelegea.

Shangazi alifika kabla hajamaliza. Alikuwa dada mkubwa wa Mzee Zima, mfumaji wa sweta za shule, mwanamke ambaye ulimi wake haukupita kwa fundi wa kulainisha. Alisimuliwa yote huku sindano zake zikifanya kazi. Aliposikia neno Wahuko alicheka mpaka akaweka sindano chini akajifuta machozi.

Alichowaeleza walikuwa wamekisikia utotoni kama kichekesho, ila siku ile kilisikika vingine. Wazee wake walisema kwamba yule mpima ardhi hakuwahi kufika kwao. Aliishia upande wa pili wa vilima, kwenye hema lake, akachoka. Akamuuliza mpagazi aliyekuwa amembebea meza tangu asubuhi, je, ng'ambo ya vile vilima wanaishi akina nani? Mpagazi naye hakuwa wa pale, shingo inamuuma, meza iko kichwani. Akajibu: wa huko. Mzungu akaandika: Wahuko. Akauliza ni wengi? Akaambiwa wapo. Akatafuta mahali penye nafasi kwenye karatasi yake, akawaweka.

"Mimi sikuwepo," Shangazi alisema. "Pengine wazee walitia chumvi. Lakini nitajieni mtu mmoja, mmoja tu, aliyewahi kujiita hivyo kwa kinywa chake."

Hawakuwa naye. Waliyekuwa naye ni mzee aliyeshika bisibisi, akiwapa mgongo.

Kilichomchemsha damu Mwalimu hakikuwa mpima ardhi. Yule alikwishakufa zamani na pengine hata kwao hakumbukwi. Kilichomchemsha ni kwamba wamefukuzwa wakoloni, zimepigwa ngoma, zimebadilishwa bendera, majina ya barabara na sura kwenye noti, halafu watu wazima, wenye shahada na tai, wamekwenda stoo wakaifuta vumbi karatasi ya mtu aliyeandika asichokijua, wakaitundika na kutangaza kuwa hao ndio sisi. Yeye mwenyewe siku hizo zote aliona ni ukurasa tu kwenye kitabu, wa kupita haraka kabla ya kufika kwenye mvua na udongo. Sasa ukurasa ulikuwa umemfikia baba yake mlangoni.

Rufaa iliruhusiwa. Wakati wanaisubiri, tajiri wa lori alimwambia mdogo wake Mwalimu kwamba hawezi kumkabidhi gari la kwenda nje ya nchi mtu ambaye ndani ya nchi hana makaratasi. Dereva akapiga moyo konde. Kama wanasema kwao ni ng'ambo ya mpaka, basi alikwenda ng'ambo ya mpaka kuomba kutambuliwa. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti, na afisa wa kule akafungua ramani ya nchi yao. Nayo ilichorwa zamani, na mtu mwingine wa serikali nyingine. Kwenye ile, kipande cha majivu kilikuwa upande wa pili wa mstari, ndani ya nchi aliyotoka. Alimpigia dada yake simu kutoka kituo cha mabasi.

"Dada," alisema, "huku nako wanasema sisi ni wa huko."

Alikuwa anacheka kama mtu mwenye jeraha la ubavuni, na Mwalimu hakuweza kucheka naye.

Siku ya rufaa walikwenda wote wanne. Mwalimu alikuwa amejiandaa kama anavyojiandaa kwa darasa gumu. Alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba ramani ile ilichorwa na mtu aliyepita njia moja katika msimu mmoja. Kwamba watu wa baba yake waliishi kingo zote mbili za mto tangu kabla ya huo mstari, wakioana na waliowakuta na waliowafuata. Kwamba rangi ni za mchapaji, watu hawana rangi hizo. Na kwamba mji huu wanaoukalia, wenye watu wa kila kipande, haupo kwenye ramani hiyo hata kama nukta. Mwenyekiti alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anayesubiri mvua ipite. Kisha akasema yote hayo ni ya kitaaluma na yanapendeza, ila jopo linahitaji kitu cha kushika, na kitu cha kushika ni hicho.

Ndipo Mwalimu akatoa stakabadhi yake mfukoni, akaiweka mezani, akaisukuma kwa kidole mpaka ikagusa mkono wa Mwenyekiti.

"Kama baba yangu ni mgeni, basi mimi ni mtoto wa mgeni. Niandikeni hivyohivyo."

"Mwalimu, usijiharibie," Mwenyekiti alisema, akainamisha kichwa kama anayenong'ona na nduguye. "Tumekusaidia."

"Hamkunisaidia. Mmenikata katikati, mkachagua kipande kinachowapendeza."

Karani alikuwa ameinamia rula yake. Hapo Shangazi aliomba ruhusa ya kuuliza swali dogo tu, kwa kuwa yeye hakusoma. Mwenyekiti, aliyedhani amepata pa kupumulia, akampa. Shangazi alitaka kujua kwao Mwenyekiti ni wapi. Mwenyekiti akaonyesha kipande cha njano. Shangazi akauliza kama alizaliwa hapo. Hapana, alizaliwa mji mkuu, baba yake alihamishiwa kikazi. Je, amewahi kuishi hapo? Kuishi hasa, hapana. Lugha ya hapo anaijua? Mwenyekiti akarekebisha tai, akasema anaielewa anaposikia.

"Kumbe," Shangazi alisema. "Na wewe ni wa huko."

Ukumbi mzima ulipasuka. Walicheka akina mama wenye watoto mapajani, walicheka askari wa mlangoni, na yule mtu wa benchi la mbele alicheka mpaka akashika nguzo. Hakikuwa kicheko kibaya, ila Mwenyekiti alikipokea vibaya. Sauti ya upole ilimtoka yote. Aligonga meza akasema rufaa imekataliwa, Mwalimu naye aandikwe kama alivyotaka, na kwamba wapo watu ambao ukiwapa kiti wanataka nyumba. Maneno hayo ndiyo yaliyowafuata mpaka nje. Mzee Zima, aliyeingia kwenye moto wa watu wengine miaka yake yote ya kazi, alishuka ngazi za halmashauri akijishikilia ukutani.

Wiki iliyofuata, kwa mfuatano wa kitabu, somo la Mwalimu lilikuwa ukurasa ule. Angeweza kuuruka. Aliingia darasani na ramani ya mji, ya mitaa na barabara, aliyoikuza kwenye karatasi kubwa, akaiweka juu ya meza mbili na kuwapa wanafunzi brashi na rangi za maji. Kazi ilikuwa rahisi: kila mmoja atafute nyumba yao, apake rangi kwa kila lugha inayozungumzwa chini ya bati lao. Wakakubaliana rangi. Walianza kwa furaha, wakafika kwenye matatizo. Msichana mmoja akauliza afanyeje, bibi yake ana ya kwake, mama ana ya kwake, baba ana mbili, na wao watoto wanaongea ya mtaani ambayo haina rangi. Mwalimu akamwambia apake zote. Walipaka zote. Rangi zilipandana, karatasi ikalowa, ikachanika mahali pa sokoni, na kufikia kengele mji wote ulikuwa na rangi moja ya tope zito ambalo halikumtenga mtu. Darasa lilichafuka mikono na kufurahi. Wakaitundika ukutani, pembeni ya ile ya vipande iliyotundikwa darasani.

Haikukaa hata siku mbili. Mkuu wa shule aliingia na afisa elimu, wakaibandua, wakaikunja. Ile ya vipande waliiacha. Mwalimu aliitwa ofisini kusomewa barua ya onyo, na kosa lake, kwa maandishi, lilikuwa kuchochea ukabila.

Aliomba arudiwe neno la mwisho. Afisa elimu akalirudia. Mwalimu akauliza, kwa hiyo ramani inayogawa watoto kwa makabila ni uzalendo, na ramani inayoonyesha kuwa hawagawanyiki ndiyo ukabila? Afisa elimu alisema hayupo hapo kwa mdahalo. Kuanzia Jumatatu alihamishiwa maktaba, kupanga vitabu mpaka uchunguzi ukamilike. Alipanga. Alivyokuwa akipanga, aliona toleo jipya la kitabu limefika katika maboksi, na ukurasa ule umeboreshwa: rangi zimekoza.

Alichukua uamuzi wa kwenda mahakamani. Kulikuwa na wakili mmoja mjini, mwanamke aliyefanya kazi kwenye chumba kimoja juu ya duka la vioo, ambaye alisema kesi hiyo ameisubiri kwa muda na hatataka malipo. Alichotaka ni mtu wa kusimama mbele kama mlalamikaji wa kwanza, na aliyefaa zaidi ni mzee.

Jioni hiyo Mwalimu alikwenda kwa baba yake na habari hiyo, akamkuta mezani na kadi mbele yake. Kadi ya mgeni mkazi. Alikuwa amekwenda peke yake, bila koti, akaweka sahihi.

Mwalimu alishindwa kukaa. Alimuuliza baba yake kama anajua alichofanya. Alimwambia wamepigana kwa ajili yake, mdogo wake amekosa kazi, yeye amefungiwa maktaba na vumbi, Shangazi amekuwa wa kuonyeshewa vidole, halafu yeye kwa mkono wake mwenyewe amekwenda kukiri kuwa ni mgeni. Alisema maneno mengine ambayo binti hamwambii baba. Mzee aliyasikiliza yote. Kifua chake kilikuwa kinatoa mlio, kama kilivyokuwa kikifanya kila msimu wa baridi kwa sababu ya moshi wa miaka mingi, ila safari hii mlio ulikuwa umeshuka chini zaidi.

"Hospitali wamenirudisha mara mbili," alisema mwishowe. "Hawana kitambulisho changu, hawana dawa yangu. Wewe mwanangu una nguvu ya kugombana. Mimi nina nguvu ya kupumua, nayo ni ya kuomba. Wakiniandika mgeni sitakuwa mgeni. Nisipotibiwa nitakuwa marehemu."

Mwalimu akaketi. Hasira haikumtoka ila ilikosa pa kutua. Alivuta kadi, akaisoma mbele na nyuma, akaona masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Ndipo akamuuliza baba yake, taratibu, kama aliyasoma. Hakuyasoma, miwani ilimsumbua. Akamsomea. Mgeni mkazi hana haki ya kumiliki ardhi ya aina yoyote, ikiwemo ya makaburi ya halmashauri. Mwili wake utasafirishwa na ndugu kwenda nchi ya asili.

Mzee Zima aliinuka, akafungua mlango wa nyuma, akasimama pale akitazama nje. Makaburi hayakuwa mbali, ungeweza kuona ukuta wake.

"Nchi ya asili," alisema. "Wanipeleke wapi, na mama yako yuko pale?"

Alisimama mpaka chai iliyokuwa mezani ikapoa. Aliporudi mezani aliomba aelekezwe kwa huyo wakili juu ya duka la vioo, na kama ngazi zake ni nyingi.

Zilikuwa nyingi, akazipanda kwa kupumzika. Alikuwa mlalamikaji wa kwanza, mwanawe wa pili, binti yake wa tatu; Shangazi hakuwemo, kwa kuwa hakuwahi kwenda kuomba kitambulisho. Siku ya kwanza mahakamani walikuja watu wachache kuliko Mwalimu alivyotarajia. Wengi waliocheka ukumbini walikuwa wameshapata vitambulisho vyao na hawakutaka kuonekana. Lakini wazimamoto walikuja, wastaafu na walio kazini, wakakaa safu ya nyuma, kofia mapajani. Wakili wa serikali alifungua ramani kama kielelezo chake kikuu. Jaji, mama wa makamo mwenye macho yaliyochoka, alimwomba amwonyeshe kwenye ramani hiyo jengo waliloketi, au walau mji. Wakili alitafuta. Alisema, mheshimiwa, miji haikuwekwa. Jaji akaandika kitu, akaahirisha kesi.

Iliahirishwa mara nyingi. Kila mara Mwalimu alitoka pale akiwa amebana meno, na kila mara baba yake alimuuliza kama amekula. Hukumu ilikuja mwaka uliofuata. Jaji alisema ramani ya wageni juu ya watu haiwezi kuwa shahidi dhidi ya watu hao katika nchi yao huru, na kwamba mtu aliyezaliwa, akatumika na kuzika hapa ni wa hapa. Jopo likaamriwa kuwapa wote watatu vitambulisho vya uraia, na dereva akarudishiwa lori. Mwenyekiti alistaafu kwa mara ya pili. Mwalimu alirudishwa darasani bila maelezo wala samahani, na kitabu kilikuwa kilekile, ukurasa uleule, kwa sababu kesi, waliambiwa, haikuwa ya kitabu.

Vitambulisho walikwenda kuvichukua Mwalimu na baba yake, palepale halmashauri, asubuhi. Mzee alikuwa na koti lake, limemlegea mabegani kwa jinsi alivyopungua. Walisimama foleni mpaka dirishani, wakapewa, wakasogea pembeni kwenye mwanga. Mzee Zima alisoma kwanza neno RAIA, kwa sauti, herufi kwa herufi, akapitisha kidole gumba juu yake. Macho yalimjaa akayaacha yajae.

Mwalimu alisoma chini zaidi. Palikuwa na mstari wa kabila. Karani wa mashine, kwa kuwa neno Wahuko lilikataliwa na mahakama na jina lao lenyewe halikuwemo kwenye orodha ya kompyuta, alikuwa amewachagulia kilichobaki. Kabila: Wengineo.

Alisoma tena. Alitazama cha baba yake: Wengineo. Akakirudisha mkononi mwa mzee, akaanza kutembea kuelekea mkia wa foleni.

"Unakwenda wapi tena?" baba yake alimuuliza.

"Kuwauliza hao wengineo ni akina nani."

Foleni ilikuwa imefika mpaka nje ya geti. Mzee Zima aliitazama, akamtazama binti yake aliyekwishajipanga nyuma ya mwanamke mwenye mwavuli, akatafuta benchi lenye nafasi, akafungua vifungo vya koti na kukaa kumsubiri.